TABLETI ILIVYONITOA NISHAI GUANGZHOU

ILIKUWA saa tatu kasoro usiku, tuko chumbani hotelini, mtaa wa Xiaobei, jijini Guangzhou, China. Shangazi kajifunga khanga, kakaa ukingoni mwa kitanda, miguu iko ndani ya beseni la maji ya moto maana tulikuwa tumetembea kutwa nzima. Mimi niko chini sakafuni na tableti yangu ya inchi 10, kioo kinang'aa kama kabati la sonara. Waifai ya hoteli imejaa mistari yote. Nimechagua picha 11 za vitambaa, nimebonyeza kutuma. Kale kaduara kanazunguka, kanazunguka, kanazunguka...

"Imeenda?"

"Bado shangazi. Inavuta."

"Inavuta nini? Sigara?"

Nikazima, nikawasha. Nikahamia dirishani kama vile picha zingetoka kwa kupitia dirisha. Wapi! Dar muda huo inakaribia saa kumi jioni, maana China wako mbele yetu kwa masaa matano, na pale Kariakoo walikuwa wapo akina mama sita wameizunguka simu moja, wanasubiri kuona pesa zao zinageuka kitambaa gani. Ungekuwa wewe msomaji wangu ungesema nini? Mimi nilisema uongo. Nikamwambia shangazi kuwa mtandao wa Tanzania una matatizo.

Ngoja nikurudishe nyuma ili unielewe.

Shangazi yangu ni mama wa vitambaa, ana kibaraza chake mtaa wa Kongo. Yeye na wenzake sita wana kikundi, na biashara yao ni sare: harusi, sendofu, kipaimara, maulidi, hata misiba ya wenye uwezo. Biashara ya sare ni ya rangi. Ukikosea rangi umekwisha, maana bibi harusi akisema dhahabu hamaanishi haradali, na kamati nzima iko nyuma yake. Safari zote za nyuma shangazi alikuwa anapokelewa Guangzhou na dalali wa Kibongo anayeishi kule. Anajua lugha, anajua maduka, na kwenye kila jora anachukua chake. Aprili 2024 akina mama wakaamua safari hii dalali asiguse. Atakwenda shangazi, na kijana mmoja wa kushika mambo ya mitandao. Sharti likawekwa mbele ya chai na vitumbua: hakuna kulipia kitambaa mpaka wote sita wamekiona kwenye picha na kusema ndiyo.

Kijana mwenyewe ndo mimi. "Wewe mwanangu ndiyo macho yao," shangazi akaniambia, akanihesabia shilingi laki nne. "Nenda kanunue kifaa cha intaneti cha kusafiri nacho. Kizuri. Usininunulie ushenzi."

Laki nne mkononi! Nilitembea mtaa wa Aggrey kama waziri. Sasa hapo ndipo nataka unisikilize kwa makini, maana makosa yote niliyafanya pale pale Aggrey, kabla hata sijakanyaga ndege.

Kwanza nilifikiria laptopu. Mshikaji wangu alikuwa nayo moja ya kuniazima bure. Lakini nikaipiga mahesabu: kilo mbili na ushee, chaja yake kama tofali, betri imechoka, na sokoni huwezi kusimama mbele ya jora la kitambaa ukafungua laptopu kama karani wa mahakama. Hiyo nikaiacha, na mpaka leo sijutii.

Pili nilionyeshwa maifai, vile vijimashine vidogo vya kuweka mfukoni. Unatia laini ndani, nayo inatoa waifai ya kwako mwenyewe, simu na tableti za wenzio zote zinanyonya humo. Ni kitu bomba kwa watu wanaosafiri kundi. Yule muuzaji alikuwa nayo ya bei poa, iliyotolewa na kampuni moja ya simu hapa nchini, na kwa bahati nikamuuliza kama inakubali laini yoyote. Akakuna kichwa. Kumbe ilikuwa imefungwa, inakula laini za kampuni ile ile tu. Ukifika nayo nje ukatia laini ya kigeni, inageuka kopo la kiwi. Kwa hiyo ukitaka maifai, nenda na laini ya kampuni nyingine, itie pale pale dukani, uone kama inashika. Muuzaji akikataa kujaribu, jibu umeshapata.

Tatu, yule muuzaji akaniambia neno la maana ambalo nililidharau. Aliniuliza: "Simu yako hiyo ina nini? Mbona inatosha." Simu yangu ilikuwa ya kawaida, laini mbili, kamera ya kueleweka, kioo kimepasuka kona moja. Kwa kweli ilitosha. Lakini msomaji, mtu ana laki nne za bure mfukoni, anakwenda majuu kwa mara ya kwanza, unamwambia simu yake iliyopasuka inatosha? Nilimwona hanitakii mema.

Nikaishia kwenye tableti, ile ambayo wataalamu wa Kiswahili wanaiita kishikwambi, na makarani wa sensa ya mwaka 2022 walizunguka nayo mitaani wakituuliza tumelala wangapi. Imetumika kidogo, kioo kikubwa, rangi ya fedha, laki tatu na themanini. Nikajiona nimeula. Nilijipiga picha nayo njiani kabla hata ya kufika nyumbani. Ila kuna kitu sikukiangalia: ubavuni haikuwa na mahali pa kutia laini. Ilikuwa ya waifai tu. Maana yake, kila nitakapokwenda nitakuwa omba omba wa intaneti ya watu.

Kuhusu romingi, yaani laini yako ya nyumbani kuendelea kufanya kazi ukiwa nchi za watu, sikutaka hata kuisikia. Nilikuwa nimesikia hadithi za watu waliokatwa salio mpaka wakalia. Nikaondoka bila kuifungulia laini yangu huduma hiyo. Shangazi naye alisafiri na kitochi chake cha miaka yote, kile cha vibonyezo na tochi kichwani. Nilimcheka, nikamwambia shangazi acha ushamba, kitochi China utapigia nani? Akanijibu, "Laini yangu hii nilishaifungulia romingi nikienda Dubai, siachi." Kwake yeye Guangzhou ingekuwa kama Dubai tu, ambako ujumbe wake wa WhatsApp ulikuwa unapita vizuri ila kupiga simu kwa WhatsApp kukamgomea.

Tulipita Addis Ababa, tukatua Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou. Pale pale nikaanza kuonja joto ya jiwe. Natoa tableti, waifai ya uwanja inaonekana, nagusa, inataka namba ya simu itumiwe tarakimu za siri. Simu yangu imeandika "hakuna huduma". Viwanja vingi vya China vina mashine ambayo unaiwekea pasipoti inakupa tarakimu hizo, lakini nani alijua? Nikabaki nabonyeza bonyeza. Shangazi kwa utulivu akafungua mkoba wake, akatoa kikadi cha hoteli alichokitunza tangu safari iliyopita, kimeandikwa Kichina upande mmoja. Akampa dereva wa teksi. Tukafika. Kikaratasi kimefanya kazi ambayo laki tatu na themanini imeshindwa!

Xiaobei ukifika utadhani uko mahali fulani katikati ya Kariakoo na Kinshasa. Kuna vibao vya Kiarabu, Kifaransa, Kiingereza, harufu ya nyama ya kondoo ya kuchoma ya Waislamu wa Kichina, wanawake wa Kiafrika wanasukwa nywele, makampuni ya kusafirisha mizigo mlango kwa mlango, na chini yake kituo cha treni ya chini ya ardhi. Aprili ni wakati wa yale maonyesho makubwa ya biashara yanayofanyika Guangzhou tangu mwaka 1957, kila masika na kila vuli ya kwao, kwa hiyo hoteli zimejaa na kila mtu ana haraka. Nilifurahi kusikia Kiswahili ndani ya lifti. Lakini furaha ikaishia usiku ule wa kaduara.

Sasa kilichotokea ni hiki. China wamejenga ukuta kwenye intaneti yao. Sio ukuta wa matofali ule wa watalii, huu ni wa mitambo. Facebook ilizuiwa mwaka 2009. Instagram 2014, na mwaka huo huo huduma za Google zikafungwa moja kwa moja, pamoja na barua pepe ya Gmail. WhatsApp ikafuata 2017. Nilikuwa nimesikia juu juu nikadhani ni maneno ya vijiweni. Kumbe waifai ya hoteli ilikuwa nzima kabisa, mistari yote halali, ila iko ndani ya ukuta.

Utaniuliza, kwa nini hukutia VPN, ile programu ya kupita njia ya panya? Kwanza inatakiwa uitie kabla hujaondoka kwenu, maana ukishafika duka la programu la Google nalo liko nje ya ukuta. Pili, sheria ya kule hairuhusu VPN isiyo na kibali, na mgeni mwenye visa ya mwezi mmoja hana sababu ya kujitafutia kasheshe. Haya, kwa nini hukutumia WeChat, ambayo ndiyo WhatsApp yao? Nilijaribu. Lakini mara nyingi ukijisajili upya, WeChat inataka mtu mwenye akaunti ya siku nyingi akuthibitishe. Hata ningethibitishwa, ningepata wapi wa kuwathibitisha akina mama sita wa Kariakoo?

Asubuhi nikamwambia shangazi dawa ninayo: tununue laini ya Kichina. Nikajiona mjanja. Duka la kampuni ya simu wakachukua pasipoti, wakanipiga picha ya uso, maana tangu Desemba 2019 hawakuandikishii laini bila kukagua sura yako. Sio kwamba sisi tuna haki ya kulalamika, kwetu alama za vidole. Yuan 100 ikaondoka. Nikatia laini kwenye simu yangu, nikafungua waifai ya simu, tableti ikanyonya. Kasi ya ajabu! Kurasa za Kichina zinafunguka kabla hujamaliza kugusa. Nikafungua WhatsApp...

Kaduara.

Laini ya Kichina ni mtoto wa nyumbani, inatii sheria za nyumbani. Kubadilisha kifaa hakusaidii, kubadilisha waifai kwa laini ya hapo hapo hakusaidii. Hilo sikulijua, na siku ile ndo iliyotugharimu.

Maana siku hiyo tulikuwa soko la vitambaa la Zhongda, kule karibu na Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen. Msomaji, mimi ni mtoto wa mjini lakini Zhongda ilinifanya nijione nimetoka kijijini jana. Majengo na majengo, ghorofa na ghorofa, kila chumba ni kitambaa, pikipiki za umeme zinapita na majora yamepangwa kuliko urefu wa dereva, ukisikia honi rukia ukutani. Kwa masampo waliyotundika tu ungeweza kuvika wilaya. Na kila kitu kinalipwa kwa simu. Hata mzee aliyekuwa anauza viazi vitamu vya kuchoma kwenye pipa alikuwa na kile kimraba cheusi cheupe cha kupiga picha kinaning'inia shingoni. Noti zetu alizipokea, lakini alizitazama kama mtu aliyepewa barua.

Shangazi akapata krepu aliyoitafuta, bei nzuri kuliko ya dalali. Rangi mbili zilikuwa hazina ubishi. Ya tatu ndo ilikuwa ile ambayo akina mama waliitaka kwa harusi mbili za Juni: dhahabu iliyoiva. Muuzaji, dada mmoja mwepesi kama umeme, akaandika kwenye kikokotoo: malipo ya awali asilimia 30, sasa hivi, kuna mteja mwingine anaitaka. Shangazi akanigeukia.

"Wametujibu?"

Hapo ningeweza kusema ukweli. Ningesema shangazi picha hazijaenda tangu jana, tatizo sio Tanzania, tatizo ni mimi na tableti yangu. Nikasema, "Wanachelewa kujibu, shangazi. Wewe amua tu."

Akashika kitambaa, akakipeleka mwangani, akakirudisha. Mtu wa miaka 20 kwenye vitambaa, macho yake ni mizani. Lakini taa za mle ndani ni nyeupe za kuumiza macho, na dirisha hakuna. Akahesabu yuan 2,700. Kwa wakati ule ilikuwa kama laki tisa na nusu za kwetu.

Aliyetuokoa, au tuseme aliyetuokoa nusu, ni jamaa mmoja wa Lubumbashi aliyekuwa anauza na kutengeneza simu kwenye kijichumba pale Xiaobei. Nilikwenda kumuuliza kama tableti yangu ni mbovu. Akaigeuza, akacheka, akamtazama shangazi. "Mama, hii haina mubaya. Iko mu ukuta. Lete laini ya kwenu."

Akatueleza kwa Kiswahili chake kitamu cha Katanga jambo ambalo nilitakiwa nilijue Aggrey. Laini ya nje ikiwa kwenye romingi inapanda mnara wa Kichina kweli, lakini data yake hairuki ukuta pale pale: inasafirishwa kwanza mpaka kwenye mtandao wa nyumbani kwake, ndipo inaingia intaneti. Kwa hiyo laini ya Tanzania ukiwa Guangzhou inaona intaneti ya Tanzania. WhatsApp inafunguka kama uko Buguruni.

Na laini pekee yenye romingi ilikuwa wapi? Ndani ya kitochi. Kile nilichokicheka!

Basi hapo kukaanza kasheshe jingine. Laini ya shangazi ni ya zamani, kadi kubwa, haiingii kwenye simu yangu. Lazima ikatwe. Msomaji, laini ile alikuwa nayo tangu mimi niko shule ya msingi. Wateja wote humo. Pesa za simu humo, na za kikundi nyingine humo humo. Ikiharibika, kuirudisha ni mpaka aweke kidole chake mwenyewe, Tanzania. Shangazi akaitoa ndani ya kitochi, akaishika kwenye kiganja muda mrefu.

"Ukiikata vibaya," akamwambia yule jamaa, lakini ananitazama mimi, "umenikata mimi."

Kabla haijakatwa tukatuma meseji ya kawaida kwa binamu yangu Dar: tia salio elfu hamsini kwenye namba ya mama, usiulize. Meseji ilikwenda mara moja. Siku mbili nahangaika na inchi 10, kumbe tochi ya vibonyezo ilikuwa inaongea na Kariakoo muda wote.

Jamaa akatoa kikatio chake mfano wa kibanio cha karatasi, akapanga, akabana. Tak! Akachukua kipande, akakisugua na msasa mgongoni maana kadi za zamani ni nene, akapuliza, akatia kwenye simu yangu. Nikaenda kwenye mipangilio nikaruhusu data ya romingi. Dakika moja. Dakika mbili. Shangazi anasoma dua, midomo inacheza. Halafu simu ikaanza kutetemeka yenyewe, ujumbe wa siku mbili unaingia kwa mkupuo: "Mpo?" "Mmefika?" "Jamani mbona kimya?" "Tunaomba picha." "Pesa zetu zipo salama?"

Nikatuma picha. Zikaenda. Mbili za kwanza wakajibu kwa vifijo. Ya tatu wakanyamaza dakika kama tano nzima, kisha mama mweka hazina akatuma sauti. Sitaki kuirudia yote. Kwa kifupi aliuliza hiyo haradali ni ya nani.

Tukarudi Zhongda kesho yake asubuhi. Tukakitoa kitambaa nje kwenye jua, na shangazi mwenyewe akasema loh. Dada muuzaji akatikisa kichwa kwa heshima zote: malipo ya awali hayarudi. Tukabadilisha kwa rangi nyingine? Hapana, kilishakatwa kwenye hesabu ya kiwanda. Yuan 2,700 zikabaki pale.

Usiku huo nikamwambia shangazi ukweli wa kaduara. Hakunigombeza. Alisema, "Nilijua. Mtandao wa Tanzania nchi nzima uharibike siku mbili nisisikie?" Kisha akazima taa. Bora angenigombeza.

Siku zilizobaki tulifanya hivi, na wewe ukikwama unaweza kufanya hivyo hivyo. Data ya romingi tulikuwa tunaiwasha mara moja tu kwa siku, saa saba mchana ya kule, ambayo Dar ni saa mbili asubuhi na akina mama wameshafungua. Nilizima kila kitu kinachojivutia chenyewe: kuhifadhi picha, kusasisha programu, video kujicheza. Picha nazipunguza ukubwa kwanza. Hata hivyo elfu hamsini ilikwenda siku mbili, tukaomba nyingine. Romingi ni ghali, asikudanganye mtu, lakini ukiilinganisha na jora la haradali ni bure.

Oktoba 2025 tulirudi. Ndiyo, alinichukua tena, kwa sharti kwamba kifaa anachagua yeye. Alichagua simu. Moja. Safari hii niliazima ya dada yangu, inayokubali ile laini isiyo na kadi, eSIM, ambayo unainunua mtandaoni ungali nyumbani na kuingiza kwa kupiga picha kimraba. Kama hujui simu yako inakubali, piga *#06#. Ikikuletea namba iliyoandikwa EID inakubali, isipoleta usipoteze pesa, na simu nyingi za bei yetu hazileti. Nilinunua ya kampuni ya nje ya China, kwa hiyo data yake nayo inatokea nje ya ukuta, na bei ni nafuu kuliko romingi ya kwetu. Laini ya nyumbani nikaiacha humo humo kwenye romingi, kwa ajili ya meseji za benki tu. Programu ya Alipay nikaiunganisha na kadi ya Visa kabla ya kuondoka, na nikapunguza makali ya kamisheni kwa kulipa kidogo kidogo, maana ukitumia kadi ya kigeni malipo yakizidi yuan 200 wanakata asilimia 3. Lugha ya Kichina kwenye programu ya tafsiri nikaipakua kabisa, ifanye kazi hata bila intaneti. Yule mzee wa viazi hatukumkuta, nilitaka nimlipe kisasa.

Kilichonichapa safari hiyo ni pawabenki. Tulipanda ndege ya ndani kwenda Yiwu, na tangu tarehe 28 Juni 2025 China hawaruhusu kwenye ndege za ndani pawabenki isiyo na alama yao ya 3C. Yangu ya Kariakoo ilikuwa na alama ya tai. Ikabaki kwa walinzi. Soketi zao nazo hazikubali plagi yetu ya miguu mitatu minene, kwa hiyo beba kiunganishi. Na ukishawishika kununua simu kule kule, kumbuka simu za Android zilizotengenezwa kwa soko la China mara nyingi hazina duka la Google ndani. Piga pia *#06# uandike namba ya IMEI, usije ukaleta feki. Wenye kumbukumbu wanajua TCRA walichozifanya simu feki mwezi Juni 2016: usiku mmoja zikageuka saa za ukutani.

Tableti niliiuza laki mbili na nusu, nikampa shangazi, akampa mweka hazina. Laki saba zilizobaki ananikata kidogo kidogo kwenye kila safari, na daftari analo. Laini yake aliirudisha kwenye kitochi kwa kile kifremu cha plastiki cha kuongezea ukubwa, akaizungushia salotepu. Amekataa kata kata kwenda kubadilisha kadi mpya. Ikilegea, simu inakata katikati ya maongezi, anaigonga kwenye paja mara mbili, anaiwasha upya, halafu ananitazama.